Suti ya Mwalimu wa Mbwa

Mtu aliyeitwa Profesa, ingawa yeye na shule waliachana mapema bila kinyongo, alimsikia mbwa wa fundi cherehani akibweka, akasimama katikati ya njia. Wengine walisikia kelele. Yeye alisikia suti.

Suti aliihitaji kufa na kupona. Mtaa wa juu aliishi mjane mwenye magodauni mawili, aliyekwisha kukubali kumpokea sebuleni kwake Jumamosi. Na mchumba mwenye suruali iliyopauka magotini hapewi hata kiti, sembuse godauni.

Mbwa yule, aliyeitwa Hakimu, alikuwa na kasoro moja: hakubweka vya kutosha. Profesa akajitwisha kazi ya kumrekebisha. Kila siku alijibanza nyuma ya ukuta wa fundi na mfuko wa nyama. Hakimu akibweka, kipande kinaruka ukuta. Akinyamaza, hapati kitu. Haukupita muda mbwa akawa anabweka kama aliyeajiriwa, na kweli alikuwa ameajiriwa. Wateja wa fundi wakavumilia, wakachoka, wakahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Hapo ndipo mwokozi alipobisha hodi.

"Shikamoo, mama. Nimesikia mtoto analia."

"Marahaba. Mtoto gani? Mbwa huyo."

"Mbwa ni mtoto aliyekosa wa kumsikiliza. Mimi ndiye mwalimu wao."

Fundi, mama wa makamo mwenye pini pembeni mwa mdomo, akamkagua kuanzia viatu. "Na ujira wako?"

"Pesa sitaki. Nishonee suti tu."

Fundi akakumbuka kitambaa cha mteja mmoja aliyesafiri akapotea, kilicholala kabatini bila mwenyewe. Kumtuliza mbwa wake kwa mali ya mtu! Akakubali kwa haraka isiyompendeza mtu mzima.

"Mafunzo hayataki macho ya watu," Profesa akasema, akafunga mlango wa ua. Kisha akachomoa, ndani ya kikapu alichokitundika begani, mfupa wa goti la ng'ombe. Mbwa mwenye mfupa kama ule mdomoni habweki hata nyumba ikiungua. Fundi alipoitwa, akamkuta Hakimu amejilaza kimya, kaufunika mfupa kwa tumbo.

"Umemfanya nini?"

"Nimezungumza naye, mama."

Elimu ni bahari, bwana. Fundi akatoa futi papo hapo, na wakati wa kupimwa ndipo ulimi ulipomponza mwalimu wetu. "Kifua kitokeze, mama. Jumamosi naenda kuposa kwa mjane wa magodauni."

Fundi alikuwa akimshonea mjane huyo tangu mumewe yu hai. Akasema tu, "Hongera, mwanangu," akaendelea kupima.

Kesho yake, akifagia ua, akaukuta mfupa chini ya karai. Wakati huohuo Hakimu akaukimbilia ukuta, akabweka huku akitikisa mkia, na kipande cha nyama kikaanguka miguuni pa fundi. Fundi akachungulia ufa wa ukuta: alikuwa Profesa, hakuwa na roho ya kuliacha somo lisahaulike kabla hajalipwa, maana mbwa akipona mapema mwalimu hahitajiki. Fundi akabaki ameshika ufagio, hasira zimempanda. Wateja wake wote wale! Akaweka ufagio chini, akaenda kuikata suti. Cherehani hakuigusa. Aliipiga bandi tu, zile nyuzi ndefu za mkono zinazoshikiza nguo kwa muda, kisha akaipiga pasi mpaka ikang'aa.

"Tembea taratibu," akamwonya Profesa Jumamosi. "Kitambaa cha heshima hakitaki papara."

Profesa akatembea kama bwana harusi. Sebuleni kwa mjane aliketi kwa adabu, akaanza kuyasimulia magodauni yake mwenyewe, yaliyokuwa mbali sana, huko ambako hakuna aliyefika. Mjane alikuwa ameanza kutabasamu pale hodi ilipopigwa. Akaingia fundi, gauni la mjane mkononi, Hakimu kwenye kamba.

Hakimu akauona mkono unaomlisha. Akabweka kwa nguvu zote, kama alivyofundishwa. Kipande hakikuja. Akaurukia mkono wenyewe, akaling'ata pindo la mkono wa koti, na mkono mzima ukatoka begani bila ubishi. Profesa akainuka kuokoa kilichobaki. Suruali ikaachana nyuma, toka kiunoni hadi gotini.

"Mama! Hii suti haijashonwa!"

"Imeshonwa kama ulivyomfundisha mbwa wangu, mwanangu. Inatulia mpaka mfupa uishe."

Mjane alicheka mpaka akashika ukuta. Profesa akatoka mbio, amejikumbatia nyuma kwa mikono miwili, wenye koti na usio na koti. Mtaa ule hakuonekana tena, wala suti ile.

Wateja wakarudi, fundi akatamba wiki nzima. Mpaka asubuhi moja akaingia mwanamume mwenye sanduku la safari, akauliza kwa upole kitambaa chake kiko wapi. Fundi akatazama mkono mmoja wa koti uliobaki mezani. Uani, Hakimu akaanza kubweka, na kwa mara ya kwanza mwenye mbwa akamwomba Mungu azidishe kelele.