Ioni za Mashine Iliyozimwa

Jumatatu, 4 Machi
Mwalimu wa fizikia ametangaza: nafasi ni moja tu ya kwenda maabara siku watakapowasha mtambo wa plazma. Atakayekwenda atachaguliwa kwenye maonyesho ya Alhamisi. Gesi yenye moto kuliko jua, imeshikwa na sumaku isiguse ukuta! Lazima niione. Lakini kuna Injini, msichana wa mkondo wa pili, aitwaye hivyo kwa kuwa mdomo wake haupoi. Ametengeneza taa za barabarani. Zinawaka na kuzimika zenyewe. Nani atanitazama mimi?

Jumanne, 5 Machi
Mtambo wangu wa mfano tayari. Bakuli, sumaku, mota ya feni mbovu. Gololi za chuma ndizo ioni, yaani chembe za plazma. Zenye kasi mno huchoropoka, humeta kwa mwanga wa kurunzi mbele ya kihisi cha mwanga, nacho huhesabu. Mama amekanyaga ioni jikoni. Ameuliza kama sayansi haina uwanja wake. Shida: hazichoropoki! Mbinu: nitabana meza yangu kwenye ya Injini, niokote watazamaji wake.

Alhamisi, 7 Machi
Mwanzo mzuri. Hesabu ilipanda kama homa. Injini akaninong'oneza mbona bakuli langu limetulia. Wivu! Akaja mtafiti wa maabara, mama mwenye miwani. Nikamwonyesha namba kwa kidole. Akaniomba nizime mota. Gololi zikalala. Hesabu ikaendelea! Kila taa ya Injini ilipowaka, nilipata ioni nyingine. Darasa zima likaangua kicheko.

Mtafiti hakucheka. Alisema hata kwao mwanga wa ioni zenye kasi hufunikwa na mwanga mwingine, hivyo huupima huo mwingine peke yake, kisha huutoa kwenye hesabu. "Kapime mashine ikiwa imezimwa, mwanangu. Uniletee kesho."

Nafasi bado ipo! Sijala.

Ijumaa, 8 Machi
Niliwahi kabla ya kengele. Taa za Injini zilikuwa zinawaka. Nikatii agizo: nikazima mota, kurunzi, na kihisi chenyewe, nisije nikaambiwa nimezima nusunusu. Nikapima. Sifuri! Nikarudia. Sifuri safi! Basi hakuna cha kutoa, ioni zote ni zangu.

Mtafiti aliitazama sifuri yangu kwa muda mrefu, akavua miwani. Kavutiwa.

Baadaye Injini ameulizwa anavaa viatu vya maabara namba ngapi. Mimi sijaulizwa. Watakuwa wameshanikadiria kwa macho.