Mtu wa Kumi wa Mzee Lurie

Jumatatu, 12 Juni 2017

Baridi kali. Bomba la bustani limeganda. Baya zaidi: tumebaki tisa! Nasema "tumebaki" ingawa mimi ni mlinzi tu wa lango la sinagogi hili dogo la Observatory. Mzee wa kumi amechukuliwa na binti yake, wanahamia Cape Town. Bila wanaume kumi hakuna kadishi, ile dua ya marehemu. Na Alhamisi Mzee Lurie anatimiza mwaka tangu afiwe na mkewe. Kila asubuhi huingia moja kwa moja, kitabu kwapani. Leo alisimama langoni kama aliyesahau njia.

Nami nina langu. Mke wangu Victorine alizikwa Bukavu. Mimi nilikuwa huku, bila karatasi za kusafiria. Sikutupa hata konzi ya udongo. Basi nimepanga hivi: Alhamisi nitasimama mlangoni, na wakisema dua yao, jina lake nitalipenyeza kimoyomoyo. Mungu hatagundua. Au atagundua na atanyamaza.

Kwa hiyo mtu wa kumi lazima apatikane.

Jumanne, 13 Juni

Nimejitolea mwenyewe. Nilivaa kofia yao ndogo, nikanyoosha mgongo. Mzee Lurie alishukuru kwa upole, akasema lazima awe Myahudi. Nikauliza kama kuwa Myahudi huchukua muda. Miaka, akasema. Tuna siku mbili!

Bakiri, mlinzi wa maghorofa ya jirani, mtu wa Tanga, alisikia yote kupitia uzio. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Papaa André, kanisani kwako unasinzia, sasa unataka ukawasinzilie na Wayahudi?"

Simsalimii tena mpaka Jumapili. Chai yake ya tangawizi nimeinywa, lakini kimya.

Jumatano, 14 Juni

Nimempata! Malvern, Jules Street, mahali pa kuziba pancha. Fundi mwenye ndevu nyeupe na beji ya nyota kifuani. Nyota! Nikamuuliza dini yake. Akasema yeye ni wa Sayuni tangu kuzaliwa. Nyama ya nguruwe haigusi. Anaitwa Ntate Petros, yaani Baba Petros. Jina lilinitia shaka kidogo, lakini hata mimi naitwa André na si Mfaransa. Amekubali kuja.

Nikavunja kiapo ili nimringie Bakiri. Akauliza nyota ina pembe ngapi. Wivu tu. Sikuhesabu.

Alhamisi, 15 Juni

Ntate Petros alifika saa moja kasorobo, suti ya kaki imepigwa pasi. Kumbe hawa hawahesabu watu kwa namba. Husoma mstari wa maneno kumi, kila mtu na neno lake. Neno la kumi likamwangukia Ntate Petros. Mzee Lurie akaitazama beji. Pembe tano; nyota ya Wayahudi ina sita. Akamuuliza kwa adabu anasali wapi. Ntate akajibu kwa adabu ileile: ni Mkristo, beji ni ya kanisa lake la Sayuni, na kila Pasaka husafiri nalo hadi Limpopo.

Nikatoka kwenda kufungua lango. Lilikuwa wazi.

Mzee Lurie akaniita, akanieleza polepole: si beji, si ndevu. Myahudi huzaliwa na mama Myahudi. Kisha akaanza kucheka. Akacheka mpaka akafuta macho. Alisema wiki nzima amehesabu vichwa, hakumkumbuka mkewe Bessie hata mara moja. Sasa anamsikia akiimba vibaya jikoni. Kadishi haikusemwa. Akafungua Zaburi, akakaa. Kisha akaniuliza, "Hukuhangaika hivi kwa ajili ya Bessie tu. Na wako anaitwa nani?"

Nikasema Victorine. Sijui kwa nini nikaongeza kwamba siku moja alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, nami nikainywa yote. Akalitaja jina lake pamoja na la Bessie, kwa sauti, mbele ya watu wote. Ntate Petros akavua kofia kwa heshima. Wakamwomba airudishe; humu heshima ni kufunika kichwa.

Nilikaa nao hadi mwisho. Moyo mwepesi. Mtulivu kabisa.

Ijumaa, 16 Juni

Sikukuu ya vijana. Mzee Lurie amesema ameridhika, nisitafute mtu tena. Amerudia, akinishika bega. Nimemwelewa.

Mchana nikaenda kunyolewa Jeppestown. Kinyozi mpya, katoka Lubumbashi. Anaitwa Israël. Mdogo wake, Moïse, kama nabii aliyepasua bahari. Lakini mimi si mjinga, sikukimbilia majina. Niliuliza kwanza habari za mama.

Mama yao ni Sara.

Wanakuja Jumatatu, wote wawili.