Dakika Mia Mbili na Sabini za Bwana Haskett

Naapa kwa magoti yangu yote mawili, lile nililozaliwa nalo na lile la chuma nililowekewa juzi, kwamba habari hii haina neno la uongo. Ya ndani nimesimuliwa na aliyefikwa mwenyewe. Ya nje niliyaona kwa macho yangu, maana siku ile nilikuwa kazini kwenye kibanda cha maji ya limau, katikati ya foleni, nikiuza kikombe dola tisa, kodi ikiwemo, bei ya ubaoni na si senti zaidi. Atakayenikamata na uongo, hata uwe mdogo kama mbegu ya limau, kifungua kinywa cha meza nzima nalipa mimi.

Basi. Mwezi wa Juni, joto la Florida likiwa limekwisha kuanza kuchemsha watu na nguo zao, Bustani ya Starehe ya Palmetto Kuu, nje kidogo ya Kissimmee, ilitoa tangazo. Kuanzia siku hiyo, tangazo lilisema, mgeni wetu hatasubiri tena. Atakuwa anapokea Huduma ya Kusubiri. Idara imeundwa kuisimamia huduma hiyo, na mkurugenzi wake wa kwanza ni Bwana Thurlow Haskett.

Bwana Haskett alivaa tai hata jua la utosi. Mamba Kichaa, ile treni ya kuwapindua watu vichwa chini miguu juu ambayo ndiyo fahari ya bustani, hakuwahi kuipanda hata mara moja. Alisema inachukua dakika mbili tu, na jambo la dakika mbili haliwezi kusimamiwa. Foleni, hiyo ndiyo ilikuwa na mwili wa kushikika.

Ugunduzi wake aliletewa na radi. Kwetu kila alasiri ya kiangazi wingu hupanda, radi hulia, na treni husimamishwa mpaka wingu lipite. Siku moja Mamba Kichaa alisimama saa mbili nzima. Bwana Haskett akangoja watu watawanyike. Nani atawanyike? Nafasi umeisotea tangu asubuhi, uiache kwa sababu ya maji? Walisimama palepale wakaloa, wakanunua makoti ya plastiki, wakanunua mapaja ya batamzinga, wakanunua makoti mengine baada ya yale ya kwanza kuchanika. Jioni ikaonekana kila mgeni ametumia theluthi zaidi ya kawaida. Bwana Haskett akaandika ripoti ya kurasa arobaini ambayo, ukiikamua, hutoka sentensi moja: treni imesimama, mapato yamepanda, kwa hiyo kinachozuia mapato ni treni.

Halmashauri ya wakubwa huko Atlanta ikaisoma, ikaona huyu ndiye mtu. Wakamwahidi cheo cha Makamu wa Rais wa kampuni, kile chenye ofisi ya dirisha pande mbili, wakija wakajionea wenyewe.

Mageuzi yakaanza. Mapaa yaliyofunika foleni yakaezuliwa, kwa kuwa kivuli, kwa maneno ya waraka, "hudumaza soko la feni za mkononi." Mlango wa pembeni wa watumishi ukazibwa, na mbele yake ndipo kikawekwa kibanda changu. Kutoka kwenye jukwaa la treni ikabaki njia moja, kupitia dukani, penye geti la chuma linalozunguka upande mmoja tu, kama mgono wa kunasia samaki. Ikatungwa na Kanuni ya Nne: nafasi katika foleni haishikiliwi kwa niaba ya mtu yeyote, wala kwa kofia, wala mkoba, wala mtoto; atakayetoka, hata kwa haja, ataanza mkiani; na kanuni hii haina mkubwa.

Mlangoni mwa foleni alisimama Bi Migdalia Ortegón, mwenyeji wa Ponce, miaka ishirini na sita kwenye kazi hiyo hiyo na viatu vya aina ile ile. Kazi yake ilikuwa kadi nyekundu. Kila nusu saa humvisha mgeni mmoja kadi shingoni, mgeni huyo akifika kwenye treni huikabidhi, na mashine husema amesubiri dakika ngapi. Bwana Haskett aliiboresha kadi ikawa inaguswa kila kibandani pia, ili mashine iseme na mgeni ametumia kiasi gani. Lakini Bi Migdalia hakuhitaji mashine. Alitazama mkia wa foleni umefika pipa lipi la taka, akakwambia. Pipa la kwanza, saa moja. Pipa la pili, saa mbili. Hajakosea tangu ajiriwe, isipokuwa mara moja walipohamisha pipa.

Mwezi huo huo alikuwa amepewa barua ya onyo. Kosa: alimrudisha kwenye nafasi yake babu mmoja aliyekwenda msalani.

Siku wakubwa walipokuja, waliingia saa mbili asubuhi, kabla ya mageti kufunguliwa, wakapita foleni tupu hadi chumba cha vioo kilichopo juu ya jukwaa la treni. Bwana Haskett ndiye aliyekichagua, ili waitazame foleni kutoka juu kama mtu anavyotazama shamba lake. Kura ya cheo ilipangwa saa tisa kamili. Na ili mambo yapendeze, usiku wa kuamkia aliamuru ubao wa taa wa mlangoni useme dakika arobaini na tano kutwa nzima, iwe isiwe.

Saa sita mchana mwenyekiti wao, Bi Lorraine Vandiver, mama mkavu mwenye miwani ya mnyororo, akasema angependa kuishika hiyo kadi nyekundu kwa mkono wake. Bwana Haskett akaruka. Kutuma mtu? Hapana, atakwenda mwenyewe, dakika tano tu. Akaacha koti na simu juu ya kiti chake kushikilia nafasi, akashuka, akapita dukani, geti likazunguka likamtema nje.

Akaipata kadi kwa Bi Migdalia. Akageuka kurudi. Ndipo alipokumbuka geti linazungukia upande gani.

Hakutishika. Alimwomba Bi Migdalia amsogezee kamba apite mbele, kwa dharura ya kiofisi.

"Kanuni ya Nne, Bwana Haskett," alisema Bi Migdalia. "Barua yangu ina saini yako. Nimeibandika kwenye friji, naisoma kila nikichukua maziwa."

"Basi napanga foleni kama mgeni. Arobaini na tano. Saa saba nipo juu."

Bi Migdalia akanyoosha shingo kutazama mkia. "Uko pipa la tatu na nusu. Ni saa tatu na nusu, radi ikinyamaza."

"Ubao unasema arobaini na tano."

"Ubao umeuandika wewe."

"Ndiyo maana nauamini," alisema Bwana Haskett, na hakuwa anatania. Namba ikishawaka kwa taa nyekundu, hata aliyeitunga huisadiki. Kwa kuwa ilikuwa saa sita na robo, na kadi ya zamu hiyo ilikuwa haijapata shingo, Bi Migdalia akamvisha yeye, akambonyezea saa, akamtakia huduma njema.

Mbele yake walikuwa mume na mke wa Kentucky, Royce na Twila Tibbets, waliojiwekea akiba miaka mitatu kuja kupanda Mamba Kichaa. Robo saa ikapita, wakasogea hatua sita. Bwana Haskett akamgusa Royce begani, akamwomba ampishe, akajitambulisha kuwa ni Mkurugenzi wa Foleni.

Royce akamtazama tai, akamtazama kadi. "Na mimi ni Waziri wa Kusimama kwa Mguu Mmoja. Nyuma, mheshimiwa."

"Mwache, Royce," alisema Twila. "Jua limemwingia. Baba, leo umekunywa maji?"

Hakuwa amekunywa. Ndivyo alivyofika kwangu. Nikampa limau, dola tisa, nikaigusa kadi yake. Kibanda cha pili akanunua feni ya kurusha maji, dola ishirini na sita. Jua lilipomchoma upara, kofia ya povu yenye kichwa cha mamba, dola ishirini na nne. Saa nane njaa ikambana, akachukua paja la batamzinga, dola ishirini na mbili, akalila amesimama, tai ameitupa begani. Anasema hata wakati ule, mafuta yakimtiririka viwikoni, alikuwa akijipongeza kimoyomoyo: mfumo ulikuwa unafanya kazi barabara.

Kisha akautazama ubao kwa mbali. Arobaini na tano.

"Huo ubao kauandika mwongo," alisema Twila.

"Kauandika mtaalamu," alijibu Bwana Haskett, ila sauti ilikuwa imepungua.

Saa nane u nusu wingu likafunga, radi ikapiga nyuma ya maegesho, Mamba Kichaa akasimama. Mvua ikaja yote kwa pamoja. Paa hakuna. Bwana Haskett akatoa dola kumi na nane, akavaa koti la plastiki la manjano juu ya tai, kofia ya mamba juu ya koti. Juu kule, nyuma ya kioo, aliwaona wakubwa wamepanga viti, wanakunywa kahawa. Akapunga mikono yote miwili. Bi Vandiver naye akampungia, kwa ukarimu, kama mtu anavyompungia mgeni aliyefurahi.

Juu ya ukuta ule wa kioo palikuwa na saa, mshale wake ukaenda ukagota tisa. Akataka kutoroka mbio kuelekea ofisi kuu apige simu. Royce akamshika mkono wa koti.

"Ukitoka unaanza mkiani, kaka. Kuna kanuni hapa. Sijui mpumbavu gani kaitunga, lakini ipo."

Akabaki. Kusema kweli, na hili aliniambia kwa sauti ya chini, asingetoka hata bila kushikwa. Alikuwa amesimama karibu saa tatu. Nani aache nafasi aliyoisotea?

Mvua ilipokatika akapita tena kibandani kwangu, maana kamba zile zinazunguka, akanywa limau la pili, dola tisa. Saa kumi na dakika arobaini na tano akafika jukwaani, akaikabidhi kadi. Mashine ikasema dakika mia mbili na sabini, dola mia na kumi na nane. Mtumishi wa jukwaani akapiga kengele. Ilikuwa rekodi ya mgeni mmoja asiye na familia.

Akapanda ngazi hadi chumba cha vioo, maji yakimdondoka. Kwenye kiti chake alikuwa ameketi mjumbe mwingine. Koti lake lilikuwa limekunjwa vizuri sakafuni.

"Kitu hakishikilii nafasi," alisema Bi Vandiver. "Tumeisoma Kanuni yako ya Nne. Tumeipenda sana."

Bwana Haskett akaanza kueleza: geti, radi, pipa la tatu na nusu. Mwenyekiti akainua kidole, akamwambia wala asihangaike, kura imepigwa kwa wakati wake na kila kitu ni heri. Akamsogezea karatasi ya mauzo ya siku.

"Tumefuata njia ya ripoti yako, neno kwa neno. Mkurugenzi amekuwa nje ya chumba kwa karibu saa tano. Katika saa hizo tano mapato yamepanda kuliko siku yoyote tangu bustani ifunguliwe. Kwa hiyo, Bwana Haskett, kinachozuia mapato tumekijua."

Alitafuta kosa katika hoja ile. Akatafuta kwa bidii, kama mtu anayetafuta funguo alizozishika mkononi. Hakuliona. Ilikuwa hoja yake.

Idara ikabaki, mkurugenzi akaondolewa. Kwa kumuenzi wakampa tikiti ya kuingia bure mwaka mzima, foleni ya kawaida. Alitoka kwa kupitia dukani, geti likazunguka. Na ubao ule, asubuhi yake, ukaanza kusema ukweli, si kwa wema, bali kwa sababu hakubaki mtu mwenye mamlaka ya kuupinda: Bi Migdalia hutazama mapipa, huandika. Alipostaafu walimwomba awafundishe vijana watano. Wakashindwa wote.

Hapo ndipo habari yangu ilipoishia, na Jumanne iliyopita niliisoma mezani, kwenye mkahawa wa chapati za asali tunaokutana sisi wastaafu. Tulikuwa saba. Bi Migdalia alikuwepo, na Bwana Haskett pia, maana siku hizi ni mwenzetu, hata tai ameacha. Wakacheka, wakanipiga mgongoni. Nikajiona bingwa.

Bwana Haskett peke yake hakucheka. Alikuwa akiandika na kalamu kwenye kitambaa cha karatasi.

"Limau tisa," alisema. "Feni ishirini na sita. Kofia ishirini na nne. Paja ishirini na mbili. Koti kumi na nane. Limau tisa. Hiyo ni mia na nane, mzee. Mashine ilisema mia na kumi na nane."

Nikamwambia mashine zile zilikuwa na matatizo yake, hasa zikinyeshewa.

Akatoa pochi. Mtu aliyekuwa mkurugenzi hatupi risiti. Akazilaza mezani mbili, moja moja, akazinyoosha kwa kiganja. Maji ya limau, dola tisa. Chini yake, kwa herufi ndogo: bakshishi ya mhudumu, dola tano. Kwenye ya pili, vivyo hivyo.

"Mimi sikubonyeza kitufe cha bakshishi," alisema. "Hata kukiona sikukiona."

Meza nzima ikanigeukia. Nilitaka kusema neno juu ya magoti, lakini yote mawili nilikuwa nimekwisha kuyaapia.

"Kitufe kile kilikuwa upande wako wa kibanda, mpenzi," alisema Bi Migdalia taratibu, akinikabidhi bili.

Nikaipokea. Watu saba, chapati, mayai, na Bwana Haskett akaongeza soseji. Nikainuka niende kulipa. Jumanne ni siku ya punguzo la wazee, na kila mwenye mvi wa wilaya nzima alikuwa amejipanga mbele ya kaunta. Nikamuuliza mwenye kaunta kwa mbali itachukua muda gani, akasema dakika tano tu.

Bi Migdalia akanyoosha shingo, akatazama mkia umefika mlango wa choo.

"Ishirini na mbili," alisema.

Ikawa ishirini na mbili.