Muhtasari Uliotangulia Mkutano

Ifahamike kwa wakazi wote, wenyeji na wahamiaji, wakulima na wafugaji, kwamba tangu mwezi wa saba mwaka jana halmashauri moja ya upande wetu huu wa Kagera, ambayo adabu inatuzuia kuitaja, ilimaliza kabisa tatizo la mawasiliano kati yake na wananchi. Tatizo lenyewe lilikuwa wananchi. Walikuja mikutanoni bila maandalizi, wakauliza mambo yasiyokuwamo kwenye ratiba, na majibu yakawa hayafanani na maswali. Mkurugenzi akaunda kamati. Kamati ikakaa siku tisa Nyakanazi, kwenye nyumba ya wageni inayosifika kwa samaki, ikatoka na Mwongozo wa Mawasiliano Shirikishi. Uzito wote wa mwongozo ulikuwa kwenye kifungu cha nne: muhtasari wa kila mkutano wa kijiji utawasilishwa halmashauri siku saba kabla ya mkutano, uhakikiwe, ugongwe mhuri, ndipo mkutano ufanyike kama ulivyoandikwa.

Frednand, mtendaji wa kijiji cha Nyamirembeka, aliupokea mwongozo huo kwa mikono miwili. Hakuwa mjinga. Bulugu, aliyemtangulia kwenye kiti kile, aliwahi kumruhusu mzee mmoja aulize swali lake mwenyewe, akahamishiwa kijiji ambacho pikipiki inakubeba nusu ya njia, na nusu iliyobaki unaibeba wewe. Frednand ana mke, watoto wanne na shamba la migomba. Hakutaka kubeba pikipiki.

Basi akawa anaandika. "Mkutano ulifunguliwa saa nane kamili kwa sala. Wananchi walipiga makofi. Mvua haikunyesha." Hiyo ya mvua ilimpa tabu mwezi wa kumi na moja, watu wakakaa wameloa chapachapa huku karatasi inasema jua. Hawakugomba. Wengi wa Nyamirembeka ni watu ambao wazazi wao walivuka mpaka wakikimbia mambo makubwa kuliko mkutano, na uvumilivu wanao wa kugawa.

Kitu kimoja tu kilikataa kufuata muhtasari, nacho ni pampu ya maji. Iliharibika mwezi wa pili mwaka jana, na tangu hapo watu wakawa wanachota kwenye kijito cha bondeni, palepale ng'ombe wa mfugaji Kazimili wanaponywea na kufanya mengine ambayo ng'ombe hufanya wakishakunywa. Kila mwezi Frednand aliandika habari ya pampu. Kila mwezi ilirudi imesahihishwa kwa wino mwekundu: "Wananchi waliuliza kuhusu maji, wakajibiwa, wakaridhika." Tuseme ukweli, aliona aibu, maana watoto wake nao walikunywa maji hayohayo. Lakini aibu haina mhuri.

Mwezi wa tatu ikaja habari kwamba safari hii Mkurugenzi mwenyewe atahudhuria, na wapiga picha. Suzan, afisa mawasiliano wa halmashauri, akapiga simu kuagiza kwamba muhtasari uwe na majina, maana mkoa unataka kuona wananchi halisi. Frednand akaandika jina la kwanza lililomjia, la jirani yake Speciosa, mjane, mwanakwaya, mtu asiye na makuu. Kisha akabandika rasimu kwenye mlango wa ofisi, kama mwongozo unavyotaka. Katika miezi yote ile hakuna aliyewahi kuisoma.

Kesho yake asubuhi Speciosa alimkuta uani anakatia mbuzi majani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Frednand, nimesoma mlangoni kwako kwamba nimeridhika. Nimeridhika lini?"

"Bado, mama. Utaridhika Alhamisi, saa nane na dakika arobaini."

Speciosa akakaa juu ya kinu kilicholala pale. Akamweleza kwamba mjukuu wake, Uwase, amelazwa mara mbili tangu Krismasi kwa ajili ya tumbo, na mara ya pili mganga alimuuliza huyu mtoto mnamnywesha nini. Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, na Frednand akaona afadhali angepiga kelele. Naye akamweleza habari za Bulugu na pikipiki. Speciosa alisikiliza mpaka mwisho, akasema anaelewa, mtu mwenye watoto hachezi na kazi. Halafu akauliza kama inaruhusiwa kuongeza sentensi moja. Frednand akasema inaruhusiwa, alimradi inamsifu kiongozi.

"Basi andika," akasema Speciosa. "Baada ya Speciosa kuridhika, Mkurugenzi alikunywa kikombe cha maji yanayotumiwa na wananchi, akayasifu."

Frednand akaipima sentensi hiyo huku na huku. Haikuwa swali, haikuwa lalamiko, na sifa ilikuwamo. Akaiandika. Wahenga wana neno lao kuhusu mchimba kisima, lakini hilo hakuliweka kwenye muhtasari.

Karatasi ilirudi siku ya nne ikiwa na mhuri, sahihi ya Mkurugenzi na pongezi kwa ubunifu. Wino mwekundu uligusa mahali pamoja tu. Suzan alikata "kikombe" akaandika "vikombe viwili", ili picha ya kwanza ikiharibika ipatikane ya pili. Nakala ilikwisha kwenda mkoani.

Alhamisi mkutano uliifuata karatasi kama punda anayejua njia ya nyumbani. Sala, wimbo, makofi. Mkurugenzi, ndani ya suti yake ya kaunda, akaeleza kwamba zamani viongozi walikuwa wakisubiri wananchi waseme ndipo wajue, lakini sasa wanajua kabla wananchi hawajasema. Makofi tena, mstari wa kumi na moja. Saa nane na dakika thelathini na nane Speciosa akauliza kuhusu maji. Akajibiwa kwamba mchakato unaendelea. Ilipofika dakika ya arobaini akaridhika, amesimama wima, mikono mbele, kama anasubiri mwalimu wa kwaya atoe sauti. Kisha akazunguka nyuma ya ofisi, akarudi na sinia yenye vikombe viwili vya bati, juu yake kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe.

Akakifunua. Maji ya bondeni yana rangi ya chai ya maziwa, na harufu ambayo si ya chai. Katika kikombe cha kushoto kitu kidogo kilikuwa kinaogelea.

Mkurugenzi akamtazama Suzan. Suzan akatazama karatasi. Dereva akaja mbio na chupa ya maji ya dukani, lakini Suzan akamzuia kwa mkono, akamnong'oneza bosi wake kwamba imeandikwa yanayotumiwa na wananchi, na mkoani wameshasoma. Watu mia mbili wakasogea mbele waone. Muhtasari haukusema lolote kuhusu kusogea huko.

Mkurugenzi akanywa. Tumpe haki yake: alikimaliza kile cha kulia, na picha zikapigwa. Sasa ilikuwa zamu ya kusifu. Akafungua mdomo, akageukia kule bondeni.

"Mnakunywa haya?" akauliza. Swali hilo halikuwamo.

"Huu mwezi wa kumi na nne," akajibu Speciosa.

"Sasa mbona hamkusema?"

"Tulisema, mheshimiwa. Ukurasa wa pili. Tuliuliza, tukajibiwa, tukaridhika. Sahihi ni yako." Akamsogezea sinia. "Kimebaki kimoja."

Mkurugenzi akaomba aletewe mwongozo. Bahati yake, kifungu cha tisa kinasema jambo lililomo kwenye muhtasari halifutwi, ila linaweza kuahirishwa. Kikombe cha pili kikaahirishwa kwa makofi, na makofi hayo hakuna aliyeyaandika kabla.

Safari ya Mkurugenzi ya kurudi iliishia Nyakanazi. Alilala siku mbili kwenye nyumba ileile ya wageni na hakugusa samaki. Kifaa cha pampu, ambacho kwa miezi kumi na minne kilisemekana kiko njiani kutoka ng'ambo, kilifika Jumatatu kwenye gari lake mwenyewe. Jumanne maji yakatoka. Frednand alingoja barua ya uhamisho mpaka akachoka kungoja. Haikuja, kwa sababu halmashauri hakuna aliyethubutu kuandika kwamba wa kwanza kwenda kinyume na karatasi alikuwa Mkurugenzi. Alimfuata Speciosa bombani, akamuuliza kama sasa anaweza kuandika ameridhika. Speciosa akamwambia asubiri, kwanza Uwase amalize mwezi mzima bila kuumwa tumbo.

Kikombe cha pili kipo kwenye rafu ya ofisi ya kijiji, na maji yake yaleyale, kimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Speciosa ametangaza kwamba hatakidai maadamu pampu inafanya kazi. Kila mwezi, siku moja kabla ya mkutano, fundi wa halmashauri huja mwenyewe bila kuitwa. Huikagua pampu, hukaza anachokaza, halafu hupita ofisini, hufunua kitambaa, hukirudisha, na kupiga simu kwa Mkurugenzi kumwambia bado kipo.