Vita Vyangu na Barabara ya Kulipia

Jumatatu, 3 Machi

Leo wamewasha mitambo. Barabara kuu, tuliyokuwa tunapita bure tangu izinduliwe, sasa ni ya kulipia. Na hakuna hata mtu wa kugombana naye! Hakuna kizuizi, hakuna kibanda, hakuna dada wa kumwambia sina chenji. Kuna pinde za chuma tu, zimekatiza juu ya barabara kama milango isiyo na nyumba. Ukipita chini, umeshaliwa.

Aliyetueleza ni mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Alikuja sebuleni kwangu, akachukua kijiko changu kikawa upinde, kiberiti changu kikawa gari. Ni karani wa bima. Anatunza risiti za kila kitu, hata za pipi, ndiyo maana moyoni namwita Risiti. Anasema unabandika stika kwenye kioo cha mbele, unaweka fedha kwenye akaunti, upinde unaisoma stika na kukata chake. Pinde nyingi, makato mengi. Asubuhi na jioni bei inapanda, katikati ya mchana inashuka. Gari kubwa linalipa kuliko dogo. Asiye na stika anapigwa picha ya namba ya gari, na bili inamfuata mwenye gari, mara mbili ya bei.

Yeye alibandika kabla hata mitambo haijawashwa. Mimi sibandiki. Ni suala la msimamo. Karakana yangu ya makochi iko mwanzo wa barabara, wateja wangu wako mwisho wake. Nikibandika, kila kochi litalisha barabara kwanza ndipo linilishe mimi.

Jambo lingine. Mama mkwe atafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho Jumatano ya wiki ijayo. Hospitali iko mwisho wa barabara hiyo hiyo. Ilipoulizwa nani atampeleka, Risiti akanyoosha mkono. Mimi nikanyoosha yote miwili. Mama akanichagua mimi! Kasema kiti cha pikapu yetu kiko juu, hana haja ya kujikunja. Risiti akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita barabara ya zamani. Bure kabisa! Nilikuwa na kochi la watu watatu, rangi ya maziwa, la mwalimu mkuu.

Kumbe wote wenye msimamo tulikuwa na wazo moja. Malori, mabasi, mikokoteni, gari la kuuza maji limezimika katikati. Mashimo yale si mashimo, ni makazi. Kwenye shimo la tatu nikasikia kitu kikilia nyuma. Mguu wa kochi.

Nimefika jioni. Mwalimu mkuu alilizunguka kochi akiwa amefunga mikono nyuma, kama anakagua madaftari. Akauliza kama kweli aliagiza rangi ya kahawia. Nikamwambia ni vumbi, mama. Akauliza na mguu nao ni vumbi?

Kalipa nusu. Fedha ya mafuta niliyounguza ingetosha kulipia barabara kuu, kwenda na kurudi, na soda. Lakini hilo halimhusu mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewaza jana kutwa, nikizunguka karakana mpaka fundi wa viatu wa mlango wa pili akauliza kama nimepoteza kitu. Nimepata jibu. Stika ndiyo inayowajulisha wewe ni nani. Usipokuwa nayo, wewe ni gari tu miongoni mwa magari. Picha? Watapiga picha za dunia nzima? Nani atakaa azitazame?

Leo nimepita. Upinde wa kwanza, roho mkononi. Hakuna king'ora. Wa pili, kimya. Wa mwisho nikaupungia mkono! Nimeshusha viti vya daktari wa meno, nikarudi. Halafu nikapita tena, bila mzigo, kwa raha tu.

Mke wangu ameniuliza nilipita wapi. Nikasema ya zamani. Akaendelea kumenya viazi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepita tena na tena. Nimebeba makochi mawili, moja juu ya jingine, safari moja! Akili ni mali. Njiani nimeimba. Fundi wa viatu kaniuliza siri ya furaha, nikamwambia asubiri, nitaandaa semina. Kwa nilichookoa nimejinunulia miwani ya jua.

Jumamosi, 8 Machi

Msiba.

Baada ya chai mke wangu ameweka simu yake mezani, taratibu, kama anaweka yai. Nilikuwa nimesahau jambo moja dogo. Pikapu ilinunuliwa kwa fedha zake za kikundi cha akina mama, na kadi ya gari ina jina lake. Bili zote zimekuwa zikiingia kwake tangu Alhamisi. Na picha! Picha ya namba ya gari, na picha ya mbele. Hapa nimeachama mdomo, naimba. Hapa natafuta kitu puani. Hapa naupungia upinde mkono. Imetoka safi sana hiyo, ningeiweka ukutani kwa hali nyingine.

Bei ni mara mbili, kama alivyosema Risiti. Na kuna zaidi. Mitambo inapima na kimo. Makochi yangu mawili yamenipandisha cheo: nimetozwa kama lori.

Sikupigiwa kelele. Kelele zake nazijua. Amesema tu kwamba fedha zitakazolipa bili hizo alikuwa ameziweka kwa ajili ya dawa za macho za mama yake baada ya upasuaji, na sasa itabidi amwombe dada yake. Dada yake! Maana yake Risiti. Atazitoa, na atataka risiti.

Nimesema Jumatatu nabandika stika. Akasema hapana, atabandika yeye. Miwani ya jua nimeificha kwenye pipa la vipande vya sponji.

Jumatatu, 10 Machi

Stika imebandikwa. Mke wangu aliisugua kwa kiganja mpaka kioo kikalia. Binti wa dukani ameonya kwamba ukiibandua inakufa, haisomeki tena. Basi, nimefungwa.

Lakini nimekaa mbele ya ubao wa bei, ule wa taa nyekundu kabla ya upinde wa kwanza, nikautazama asubuhi nzima. Nimeona kwa macho yangu! Bei inashuka ghafla, kama mtu aliyeteleza. Sekunde moja unalipa ya matajiri, sekunde inayofuata unalipa ya watu. Kinachotakiwa ni subira tu. Na mimi ni nani kama si mtu wa subira? Nimegonga usukani mpaka honi ikalegea.

Jumanne, 11 Machi

Risiti amekuja karakana. Kashauri, kwa sauti ile ya kuuza bima, kwamba kesho tutoke mapema, tusijali bei, siku moja si hoja. Akasema kama nina shughuli, yeye ameomba ruhusa kazini, yuko tayari. Nikamwambia asante, kila mtu na kazi yake. Alipoondoka nikang'oa kiti chote cha abiria, nikakiwekea sponji mpya, ile nene ya wateja wakubwa. Mama akae kama malkia. Nimekijaribu mara kadhaa. Siwezi kutulia.

Jumatano, 12 Machi

Naandika nikiwa kwenye ngazi za hospitali. 

Tulitoka vizuri. Mama alikaa, akabonyeza kiti kwa viganja vyote viwili, akasema, "Hiki kiti kimenipenda." Mkoba mapajani. Njia nzima alikuwa anazungumzia kitinda mimba wetu, kwamba amemlea kwa kushikashika tu, uso wake hajawahi kuuona vizuri. Kamwahidi kuwa wiki hii atamtazama.

Tukafika kwenye ubao. Bado bei ya matajiri. Bado kidogo tu! Miadi yetu ilikuwa na nafasi, nilipiga hesabu. Nikasogea pembeni nikasimama. Sikuwa peke yangu. Lori la mayai lilikuwa hapo, gari la fundi friji, teksi mbili, bwana mmoja amevaa suti ya harusi. Wote shingo juu, tunatazama ubao. Nilijisikia niko nyumbani.

Mama akauliza mbona tumesimama. Nikasema injini inapumzika.

"Inapumzika huku inanguruma?"

"Ndivyo inavyopumzika, mama."

Hapo likaja gari la doria. Kumbe pembeni ni pa dharura tu. Askari alianza na lori la mayai, akaandika faini polepole, herufi moja moja, kama anatarizi. Bwana harusi alilia machozi. Nilipofikiwa mimi, bei ilikuwa imeshashuka zamani na foleni ya magari imeshajaa. Maana wengine wote, waliokuwa wakisubiri kwenye vituo vya mafuta na vichochoroni, walikuwa wameingia kwa pamoja. Tukatambaa. Mama akafungua mkoba, akaufunga. Mimi nilisema mengi, sikumbuki nini.

Hospitali, nesi kaangalia karatasi, kaangalia ukuta. Akasema mama ameshapitwa, daktari amemchukua anayefuata. Siku nyingine ya upasuaji ni mwezi ujao.

Mama akaitikia, "Sawa, mwanangu." Akakaa kwenye benchi, akashika mkoba. Halafu akasema, si kwangu, alisema tu: basi mtoto atakuwa amekua tena.

Ningependa anigombeze. Nilikwenda uani nikazunguka maegesho yote. Nikampigia Risiti. Simu nzito kuliko kochi lolote. Nikamweleza, nikangoja anicheke. Hakucheka. Kasema anakuja.

Nikarudi. Nisingeweza kukaa. Lile benchi la kusubiria lilikuwa limepasuka upande mmoja, sponji imetoka, kila anayekaa anajivuta. Sindano yangu ya makochi huwa haikosi mfukoni. Nikapiga magoti, nikaanza kushona. Sikuwa na mpango wowote. Naapa. Mikono ilitaka kazi tu. Nilipomaliza upande ule nikahamia wa pili. Wagonjwa walikuwa wananyanyuka na kukaa kama tuko kwenye ibada.

Nesi alipita, akarudi, akasimama. Akauliza ni nani aliyenituma. Nikasema hakuna. Akauliza mama yule ni nani yangu. Nikasema ni mama. Akaondoka.

Risiti aliingia akitoka jasho, tai begani. Hata hajakaa, nesi akarudi. Mgonjwa wa mwisho ameogopa, ameondoka nyumbani kwake lakini hapa hakufika. Kama mama bado hajala chochote, aingie sasa hivi. Hajala! Tulisimama wote watatu kwa pamoja. Risiti akamshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto, tukagombania mlango kidogo.

Sasa yuko ndani. Risiti amekaa kwenye benchi langu. Amelisifu. Kisha akaniuliza faini ni kiasi gani. Nimejifanya sikusikia.

Ijumaa, 14 Machi

Bandeji imetoka jana. Leo ndugu wote wamekuja kwetu. Mama amempakata kitinda mimba, amemgeuza huku na huku, amemhesabu hadi meno. Akalia, akacheka, akasema masikio ni ya babu yake. Mke wangu alitoka nje. Nami nikatoka, kwenda kuangalia tairi.

Kisha mama akanitazama mimi, kwa muda. Akasema kwamba kwa kuisikia sauti yangu tu, alikuwa akidhani mimi ni mrefu.

Risiti ndiye aliyeisoma faini mbele ya watu wote. Ili nilichotaka kuokoa siku ile kifikie faini hiyo, ningelazimika kusubiri bei ishuke kila siku mpaka mtoto amalize shule. Mke wangu amechukua funguo za pikapu, nazipata kwa maombi. Akaunti ya stika iko kwenye simu yake. Nikipita tu upinde, inalia jikoni. Anajua niko wapi kabla yangu.

Nimeapa mbele ya mama mkwe: sitahangaika na barabara ile tena. Nitapita, nitalipa, nitanyamaza. Ameniwekea mkono kichwani. Nimejisikia mtu mpya.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda ofisi ya barabara kulipa faini, kwa moyo mweupe. Foleni ndefu. Ukutani wamebandika maelezo yote, mwanzo hadi mwisho, na mimi sikuwa na jingine la kufanya ila kusoma. Chini kabisa, kwa maandishi madogo: magari ya kubeba wagonjwa, ya zimamoto, na ya mazishi hayatozwi.

Ya mazishi!

Nimerudi karakana mbio. Nimepima. Kochi la watu watatu, likilazwa na kufungwa kitambaa cha zambarau, ni jeneza la mtu mnene. Kitambaa ninacho. Maua nitashona mwenyewe kwa vipande vya sponji. Kimo si hoja, maana ya mazishi hayatozwi hata yawe marefu vipi. Stika, nitamweleza mke wangu vizuri akiwa ameshiba.

Kinachokosekana ni mfiwa wa kukaa nyuma. Lazima awe mtu wa kuaminika, mwenye suti nyeusi na uso usio na mzaha. Nimempigia Risiti. Nimemwambia avae vizuri kesho, nitampitia asubuhi, kuna shughuli ya kifamilia.

Maskini, ameniuliza kwa upole ni nani aliyefariki.