Tundu Kwenye Daftari la Kanisa

Jumatatu, 3 Juni.
Jumapili kanisa letu linatimiza miaka thelathini. Katibu anaandika historia. Leo kaniita ofisini, chumba kile cha maturubai na viti vibovu, akanionyesha daftari la mwaka wa kwanza, enzi za ibada kwenye banda la gari la Mama Cherehani. Mende wametafuna kurasa. Mstari mmoja unasema: "Jirani wa nyumba ya pili alipi", kisha tundu, kisha "ga kinanda." Jirani wa nyumba ya pili ni mimi! Katibu kanikumbatia. Kumbe mimi ndiye mpiga kinanda wetu wa kwanza, na miaka yote nimenyamaza! Kasema huo ndio unyenyekevu.

Ukweli: nilipinga kinanda. Sikuwa nimeokoka, nilitaka kulala Jumapili asubuhi. Lakini tundu ni tundu. Sikusema uongo. Nilikohoa tu.

Jumanne, 4 Juni.
Waasisi watakaa mstari wa mbele, viti vyenye mito, majina yao kwenye ubao wa mlangoni! Shemeji, kaka wa mke wangu, mkuu wa wahudumu, mtu anayepanga waumini utadhani kreti za soda, alijiunga mwaka wa pili. Wa pili! Atakaa kwenye plastiki. Miaka nenda rudi ananiweka nyuma ya nguzo. Nimemtakia baraka.

Mke wangu kauliza kinanda nilijifunza lini, maana hata mluzi hunishinda. Nimemwambia asimzimishe Roho.

Alhamisi, 6 Juni.
Balaa. Shemeji kamshauri mchungaji kwamba mpiga kinanda wa kwanza ndiye afungue ibada. Kwa kupiga! Kanikazia macho huku anatabasamu. Nimefunga kidole bendeji. Mchungaji kaniombea palepale, kwa jasho, kaifungua bendeji mwenyewe, katangaza nimepona. Ikabidi nitoe ushuhuda.

Jumamosi, 8 Juni.
Nimepona kweli! Nimejifanya mdadisi, fundi mitambo kanionyesha kitufe chekundu: ukikibonyeza, kinanda kinajipigia chenyewe. Kazi yangu ni kufumba macho na kutikisa mabega. Nimefanya mazoezi ya mabega mbele ya kioo mara kumi na moja. Bega la kushoto linauma.

Jumapili, 9 Juni.
Ukumbi umefurika. Mama Cherehani, ambaye alihama zamani, kaja kwa heshima ya siku hii, kaketishwa hatua tatu kutoka kwenye kinanda. Hakunitambua. Nikafumba macho, nikabonyeza.

Rumba! Akina mama wakainuka na vitambaa, mchungaji akadhani ndio mtindo wa zamani. Nilikuwa natisha. Nikasahau, nikainua mikono yote miwili kumshukuru Mungu. Kinanda kikaendelea bila mimi. Shemeji akanyoosha kidole. Nikabonyeza kitufe tena, ikaja disko. Nikapiga magoti, nikachomoa waya ukutani kwa mkono wa kushoto, soketi ikaja nayo.

Disko ikakatika. Kisha Mama Cherehani akasimama na kupaza sauti kwamba ndiye huyu! Ndivyo alivyoingia bandani kwake akiwa na taulo kiunoni, akachomoa waya vivyo hivyo, katikati ya pambio! Nilitamani ardhi inimeze. Lakini bibi yule alikuwa analia kwa furaha. Kasema miaka thelathini anamwombea kijana wa taulo bila kujua jina lake. Kanishika kichwa kama mwanawe. Nililia kweli, wala sikukohoa. Nikaungama mbele ya wote. Niliapa: basi tena, hila mwisho leo.

Jumatatu, 10 Juni.
Mchungaji kanisamehe. Fundi seremala kaongeza herufi N kwenye ubao wa waasisi, "aliyepiga" sasa inasomeka: "aliyepinga kinanda." Jina limebaki, hilo nalo si haba. Nguzo yangu nimerudishiwa, Shemeji kaifuta vumbi kabisa. Watoto wananiita Ndugu Taulo.

Jioni katibu kaja mbio nyumbani, roho nyeupe, anataka kunifuta machozi. Kapata mstari mwingine, ukurasa wa tano: "Jirani wa nyumba ya pili ali", tundu, "oa mabati mawili." Kauliza kama nilitoa mabati ya paa la kwanza la kanisa.

Nakumbuka vizuri sana. Niling'oa. Yalikuwa yanagusa ukuta wangu.

Nimekohoa.