Mtihani wa Kuuza Nyanya

Kuanzia Jumatatu, Chuo kilitangaza, kujifunza kutaonekana kwa macho.

Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi wa Upimaji wa Ujifunzaji mwenyewe, amesimama mbele ya walimu wa Biashara ya Kilimo, tai imembana shingo mpaka sauti inatoka nyembamba. Zamani, alisema, mwanafunzi alikuwa anajifunza kitu halafu anaondoka nacho kichwani, na Chuo kinabaki mikono mitupu. Upotevu huo sasa basi. Kila kilichofundishwa kitathibitishwa kwa kielelezo kinachoshikika, na kila Ijumaa kutakuwa na ukaguzi wa Kamati. Mwenyekiti wa Kamati ni yeye, katibu ni yeye, na wajumbe wangetangazwa baadaye.

Mwalimu wa masoko akanyoosha mkono. "Mkubwa, mimi nafundisha kuuza mazao yanayoharibika upesi. Kielelezo changu kitakuwa nini?"

"Mazao."

"Mazao gani?"

"Yanayoharibika upesi, mwalimu. Si umesema mwenyewe?"

Walimu wakainama wakaandika, wengine mabega yakiwatikisika.

Mkurugenzi hakuwajali. Alikuwa na jambo lake. Kiti cha Naibu Mkuu wa Chuo kilikuwa wazi, na Baraza la Chuo lingekuja mwisho wa muhula kumchagua wa kukikalia. Kiti hicho alikuwa amekiomba kila kilipotangazwa, na kila mara wakachukuliwa watu wengine, tena wengine aliwafundisha yeye. Safari hii angeliwekea Baraza kitu mezani ambacho hakuna mwombaji mwingine angekuwa nacho: darasa zima lililofaulu. Mkewe alikuwa na hakika kuliko yeye. Alishampeleka fundi wa mapazia kwenye nyumba ya Naibu, wakapima madirisha kwa nje, mlinzi akidhani ni watu wa bomba la maji.

"Safari hii usiniaibishe, baba," alimwambia akimnyoosha kola. "Dada yangu nimeshamwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba umepata."

Basi, shamba la Chuo likatoa nyanya, kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho tenga lake, na agizo moja: auze. Ijumaa Mkurugenzi akafika uani na kalamu yake.

Wa kwanza alikuwa msichana waliyemwita Chapuchapu. Alikuwa amesimama pembeni ya tenga tupu, anajipepea.

"Nyanya ziko wapi?"

"Nimeuza zote, mkubwa. Tangu juzi."

"Hilo ni dai. Kielelezo?"

Chapuchapu akatoa noti mfukoni, zimekunjwa vizuri.

"Pesa ni mambo ya uhasibu," Mkurugenzi akasema kwa upole. "Sisi hapa tunashughulika na kujifunza."

"Basi mwite yule mama wa pale getini, ndiye mteja wangu. Mwenyewe alisema atarudi."

"Mteja si zao, binti."

Mwalimu wa masoko akashindwa kuvumilia. "Lakini mkubwa, nyanya hazipo kwa sababu ameuza! Ndiyo somo lenyewe!"

"Mwalimu, mimi napima kilichopo. Kisichopo nikipimeje?"

Akaandika, na Chapuchapu akapata sifuri.

Pembeni yake alikuwa kijana aliyeitwa Usingizi, ambaye wiki nzima hakutoka kitandani. Tenga lake lilikuwa limejaa pomoni. Mkurugenzi akazibonyeza nyanya kwa kidole, moja moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akampa alama zote.

"Asante, mkubwa," akasema Usingizi. "Nimejitahidi."

Wanafunzi si wajinga. Wiki iliyofuata, matenga mapya yalipotolewa, hakuna aliyeuza. Wateja walikuja na vikapu vyao wakabembeleza.

"Mdogo wangu, nipimie hata ndoo ndogo, watoto wananisubiri."

"Siwezi, dada."

"Kwani haziuzwi?"

"Zinauzwa. Ila siuzi. Niko kwenye mtihani wa kuuza."

Yule dada alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaenda kununua kwingine.

Ufaulu ukapanda mpaka ukagonga dari. Vielelezo vikajaa uani, vikaingia ndani, vikapangwa kwenye korido ya ghorofa ya kwanza, kuanzia ngazi hadi mlango wa Mkurugenzi. Nyanya zikalegea, zikakunjamana, zikaanza kutoa maji. Katibu muhtasi wake akawa anapita akiwa amekunja gauni.

"Bosi, hizi si nyanya tena," akamwambia. "Hizi zina wajukuu."

"Umri wa kielelezo haupunguzi uhalali wake," akajibu Mkurugenzi, akafungua dirisha. Inzi walioko nje wakashukuru.

Baraza lilipofika, alilipokea mwenyewe kwenye ngazi. Mama Mwenyekiti wa Baraza, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alitoa leso akaiweka puani, akapita katikati ya matenga pole pole bila kuuliza lolote. Mjumbe mmoja aliteleza, akashikiliwa na wenzake wawili.

"Huo ndio ufaulu wetu," Mkurugenzi akamweleza. "Angalia usichafuke."

Katika chumba cha mikutano walimkalisha peke yake upande wa pili wa meza. Alikuwa amejiandaa kwa maswali magumu. Mama Mwenyekiti akamuuliza taratibu, kama mtu anayetaka kuelewa tu.

"Kwa hiyo kwenye utaratibu wako, kinachothibitisha ni kile kilichobaki?"

"Haswa, Mama."

"Na kilichochukuliwa na watu?"

"Hakihesabiki. Hatuna namna ya kukijua."

"Naona umeomba unaibu mara nyingi."

"Kila ulipotangazwa, Mama. Sijakata tamaa."

"Na wengine wakachukuliwa."

"Wakachukuliwa wote."

"Wewe?"

"Mimi..." Mkurugenzi akaiweka tai yake sawa. "Mimi nipo, Mama."

Wajumbe wakatazama dari. Mmoja alikohoa muda mrefu kuliko kikohozi kinavyohitaji.

"Baraza limeridhika," akasema Mama Mwenyekiti, wala hakucheka. "Hatujapata kuona kielelezo kama wewe. Tukikupandisha tutakuwa tumekutoa, na Chuo kitabaki bila ushahidi. Tunakuomba ubaki hapo hapo ulipo. Usiguswe na mtu."

Mkurugenzi alishukuru. Ulimi uliozoea kushukuru wakubwa haungoji kuelewa kilichosemwa. Alikuwa amesharudi ofisini na kukaa ndipo maneno yale yalipomwingia, na simu ya mezani ikawa inalia, namba ya nyumbani, akaiacha ilie.

Baraza liliacha agizo moja lingine: matenga yale yaondolewe siku hiyo hiyo kwa kuuziwa yeyote atakayeyataka. Mwalimu wa masoko akawaita wahitimu wake, wote wenye alama za juu kabisa. Walisimama wakatazamana. Usingizi akauliza kama kuuza kwenyewe kunaanzaje. Ikabidi atafutwe yule mwenye sifuri.

Chapuchapu alikuja na mzee mmoja muuza miche, ambaye tayari alikuwa ameshakubali bei ya nyanya mbovu za kutengenezea mbolea, tena anaona amebahatika. Nyuma yao wakapanda vijana wa mikokoteni, wakaanza kubeba. Mmoja wao alipofika mwisho wa korido akasukuma mlango kwa bega, akachungulia.

"Dada, na humu ndani tuchukue?"

Katibu muhtasi akanyoosha shingo, akatazama alipokuwa anatazama kijana. Bosi wake alikuwa amekaa wima nyuma ya meza, tai imembana, inzi mmoja ametua begani.

"Hapana," akasema, akauvuta mlango taratibu. "Hicho kinabaki."